UZI: Stika ya “nano” ya kuchaji simu kwa hewa nimeipasua. Njooni tuhesabu mikrowati

#1 Fundi_Kondele

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite salama.

Wiki jana mama mmoja aliniletea kibandani simu isiyoshika chaji. Mgongoni mwa simu pamebandikwa stika ya rangi ya dhahabu, ukubwa wa kitambulisho ukikikunja mara mbili. Aliuziwa shilingi 1,200 stendi ya magari. Akaambiwa ndani mna chembe za nano, yaani ndogo kupita kiasi, zinazofyonza umeme kutoka mawimbi ya mtandao na joto la mkono, na simu haitaomba chaja tena maishani. Alikaa nayo siku 9. Siku ya 9 simu ikalala, haikuamka.

Nikaomba ruhusa, nikaipasua. Ndani: karatasi ya plastiki, mduara wa shaba ambao ncha zake zote mbili zinaning’inia bila kugusa kitu, na unga mweusi unaovutwa na sumaku. Basi. Simu yenyewe tundu la chaji lilikuwa limejaa vumbi na unga wa posho. Mswaki na spiriti, dakika 10, ikashika chaji.

Kilichonikera ni kwamba muuzaji ametumia maneno ya kweli kuuza uongo. Umeme wa kuokota upo. Nano ipo. Ila kila mtu anataja volti, hakuna anayetaja wati. Kwa hiyo nimekaa jioni kadhaa na mita yangu, na nataka tuhesabu pamoja.

Tuanze na stika. Betri ya simu ya siku hizi ni miliampia-saa 5,000, karibu wati-saa 19. Ruta ya waifai inarusha takriban miliwati 100, na hizo zinatawanyika pande zote. Kaa mita 5 kutoka kwake: antena ndogo inaambulia chini ya nusu mikrowati. Mikrowati ni wati moja umeigawa vipande milioni. Tumpe muuzaji zawadi ya mikrowati nzima, mchana na usiku, bila kupotea hata tone. Betri ile ingejaa baada ya miaka zaidi ya 2,000.

Nikaendelea na kitu ambacho najua kinafanya kazi: vile visahani vya shaba vinavyolia kwenye saa za mezani na toyi za watoto, vya piezo, yaani vinavyotoa umeme vikibanwa. Nilitoa kimoja cha milimita 27, nikakiunga na dayodi 4 (zinapitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita (kighala kidogo cha umeme) ya mikrofaradi 100, nikaanza kukigonga kwa kidole. Mara 200, binti yangu ananihesabia na kunikemea nikiruka. Mita ikasoma volti 3. Hiyo ni mikrojuli 450 (juli ni kipimo cha nishati), yaani kama 2 na robo kwa kila pigo. Nikaunga taa ndogo ya LED nyekundu: ikamemeta mara moja, ikazima. Binti akauliza, “Ndiyo hiyo tu?”

Ndiyo hiyo tu. Kwa kujaza betri ya simu ningehitaji mapigo bilioni 30. Pigo moja kila sekunde, bila kula wala kulala, ni karibu miaka 960.

Kesho nitaleta habari ya jiko. Hiyo iliniharibia pesa.

#2 BodaNyalenda

Naweka tandiko hapa chini ya mwembe. Omera, na ile stika ulimrudishia mwenyewe au umeifanya mali ya kibanda?

#3 Fundi_Kondele

Nilimrudishia. Aliibandika kwenye friji, anasema inapendeza.

#4 Jirani58

Mimi niko Nakuru, Section 58, na nimechoka na hii nano. Kila mwaka kuna habari: shati litachaji simu, kiatu kitachaji simu, barabara itawasha taa za mtaa. Miaka inaenda, sijaona shati wala kiatu. Mnaniambia nini? Hii ni mbinu ya kuombea pesa za utafiti, na huku chini matapeli wanaokota makombo.

#5 Mwl_wa_Lanet

Jirani yangu wa 58, hasira yako naielewa, lakini usichanganye anayepima na anayeuza. Mimi ni mwalimu wa fizikia, niruhusu nikupeleke nyuma kidogo.

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani ukizibana zinatoa umeme juu ya uso wake. Kiberiti cha gesi kile cha kubonyeza kinatumia jambo hilohilo: nyundo ndogo inagonga kipande cha kauri, cheche inaruka. Tabu ya kauri na fuwele ni ugumu. Hazikunjiki, zinavunjika.

Sasa fikiria kioo. Kigae cha kioo ukikikunja kinakatika. Lakini kioo hichohicho kikivutwa kuwa uzi mwembamba, kinapinda na kurudi. Hapo ndipo nano inapoingia. Mwaka 2006 Zhong Lin Wang na mwenzake Jinhui Song, wakiwa Georgia Tech kule Marekani, walichukua nyuzi za zinki oksaidi nyembamba kuliko unywele mara zaidi ya elfu, wakazipinda kwa ncha ya chombo cha kuchungulia vitu vidogo, na kila uzi ukatoa mpigo wa milivolti chache. Ndiyo wakaiita nanojenereta. Nanomita ni milimita moja umeigawa vipande milioni. Unywele wako una upana wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo pata picha tunaongea habari ya udogo gani.

Mwaka 2012 kundi la Wang likatangaza ndugu yake, inayotumia umeme wa msuguano. Hii kila mtoto wa Nakuru anaijua bila kufundishwa. Usiku wa hewa kavu, vua sweta la nailoni gizani: tati tati tati, cheche unaziona. Wao walichofanya ni kuweka plastiki mbili za tabia tofauti, kwa mfano nailoni na tefloni, kila moja na bati la shaba mgongoni, ziguse na kuachana, ziguse na kuachana. Uso wa plastiki wanautia vinundu vidogo mno ili eneo la kugusana liongezeke. Volti zinapanda mpaka mamia.

Na hapa ndipo Fundi ana haki. Volti mamia, lakini mkondo ni mikroampia. Ni mtu mwenye sauti kubwa na mkono mfupi. Anayekuonyesha taa 100 za LED zikimemeta kwa kupigwa kofi hajakudanganya. Ila zinameta kwa kofi, zinazimika na kofi.

#6 Fundi_Kondele

Mwalimu, asante. Na nikwambie, hiyo ya sweta nimeijaribu huku Kisumu wiki hii ya mvua. Kimya. Hata tati moja. Nimesugua tefloni ya bomba na kitambaa cha nailoni mpaka bega likauma.

#7 Mwl_wa_Lanet

Unyevu, mwanangu. Hewa ya ziwani inaweka utando wa maji juu ya kila kitu, na chaji inatoroka kupitia huo utando kabla hujaitumia. Ndiyo sababu vifaa vya namna hiyo hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Maonyesho mengi unayoyaona kwenye video yanafanyika chumba kikavu.

#8 Fundi_Kondele

Sasa jiko, kama nilivyoahidi.

Mnajua vile vibao vyeupe vya Peltier, sentimita 4 kwa 4, vinavyotumika kwenye vifriji vidogo vya gari? Ndani vina jozi 127 za vipande vya bismathi na teluri. Ukivipa umeme, upande mmoja unapoa. Ukifanya kinyume, upande mmoja moto na mwingine baridi, vinatoa umeme. Jambo hilo limejulikana tangu Thomas Seebeck mwaka 1821. Kibao kama hicho kinatoa kama milivolti 50 kwa kila nyuzi moja ya tofauti.

Nikasema, jiko la makaa la mama watoto linapoteza moto bure. Nikabandika kibao ubavuni mwa jiko, juu yake nikaweka kopo la maji kama upande wa baridi. Dakika za mwanzo raha tupu: volti 1, volti 1.4, kifeni kidogo chenye mota ya toyi kikazunguka, watoto wa jirani wakajaa mlangoni. Mimi najiona mhandisi. Dakika ya 20 kifeni kikasita. Mita, sifuri. Nikagusa nyaya, nikachezesha, sifuri.

Nikakipasua kibao nikaona. Vipande vya ndani vimeshikwa kwa solda laini ya bismathi na bati, inayoyeyuka nyuzi 138, na ubavu wa jiko lenye makaa yaliyoshika vizuri unapita hapo bila jasho. Vipande vilikuwa vimeteleza kama meno ya kikongwe. Shilingi 600 zimekwenda na omena ikaungua maana sikuwa naangalia sufuria.

Funzo langu la ufundi: upande wa moto usiwe jiko, uwe maji ya moto. Hapa Kisumu maji yanachemka nyuzi kama 96 tu kwa sababu ya mwinuko, hayawezi kukiua kibao hata ukiyasahau.

Baada ya hapo nikanunua kingine, nikakifunga kwenye mkono wangu kama saa. Seiko waliwahi kuuza saa ya namna hiyo mwaka 1998, inayoendeshwa na joto la mkono. Saa 8 mchana kibandani, hewa nyuzi 31, ngozi kama 33. Mita ikasoma milivolti 14. Chipu za kuinua volti zilizo makini sana zinaamkia milivolti 20. Yaani saa ile ingevaliwa Timboroa kwenye baridi ya milimani alfajiri ingekwenda vizuri, ikishuka Ahero inakufa mkononi mwa mwenyewe. Joto jingi si nishati jamani. Tofauti ndiyo nishati.

#9 BodaNyalenda

Meno ya kikongwe 😂😂 Fundi utatuua.

#10 mtoto_wa_maabara

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, fizikia ya vitu vigumu, chuo kimoja huku upande wa Maseno. Nimesoma yote, naomba niongeze ya jikoni kwetu.

Nyuzi za zinki oksaidi hazihitaji mtambo wa ajabu. Unachukua kipande cha kioo kilichopakwa mbegu za zinki oksaidi, unakilaza kifudifudi ndani ya chupa yenye maji, chumvi ya naitreti ya zinki, na dawa inaitwa heksamini. Unafunika, unaweka kwenye joto la nyuzi 90 kwa saa kadhaa. Ukitoa kioo kina ukungu mweupe kama kilipuliziwa pumzi. Ule ukungu ndio msitu wa nyuzi, umesimama wima kama matete. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea nikataka kukisafisha. Msimamizi wangu alinishika mkono. (Tafadhali, mtu asitumie sufuria ya chakula kwa kazi hii.)

Nikikunja plastiki yenye msitu huo napata nini? Siku nzuri, mikrowati chache. Siku mbaya, napima mtetemo wa feni ya dari na kelele za nyaya zangu mwenyewe, na nafurahi bure mpaka nizime feni. Hii ya mwisho ni siri ya maabara nyingi, mimi sisemi zaidi.

Na kwa joto: Hicks na Dresselhaus waliandika mwaka 1993 kwamba ukipunguza kitu kuwa tabaka za nano unaweza kutenganisha umeme na joto. Umeme upite, joto likwame kwenye mipaka ya tabaka. Hilo ndilo tatizo la kibao cha Fundi: joto linapenya upesi mpaka upande wa pili na tofauti inakufa. Kazi hiyo imesogeza vibao mbele, lakini vinavyouzwa madukani bado ni bismathi na teluri ile ile ya kawaida.

#11 NyarAhero

Habari za hapa. Mimi sijui mikrowati, najua samaki. Nina mabwawa 3 ya ngege (tilapia) nje ya Ahero. Alfajiri maji yakiwa hayana hewa, samaki wanapanda juu wanafungua midomo, na ukichelewa unaokota maiti kwa ndoo. Joto la maji likipanda, hewa inapungua zaidi. Kijana mmoja aliniwekea kifaa cha kupima joto na kutuma kwa simu. Kilikuwa na betri ya lithiamu ndani ya kikasha cheusi, juani. Baada ya miezi 4 betri ilivimba ikapasua kikasha. Cha pili kiliibiwa kwa sababu kilikuwa na sola kubwa ya kung’aa.

Fundi, hizo nano zako zinaweza kunipa kifaa kisichovimba na kisichotamanisha mwizi?

#12 Fundi_Kondele

Mama, hili ndilo swali nililokuwa nangoja mtu aulize. Umeniambia kazi kwanza, kifaa baadaye. Nipe siku mbili nikae na kalamu.

#13 KinuChaLuanda

Wakati Fundi anakaa na kalamu: nina kinu cha posho Luanda. Beringi zikianza kuchoka kinu kinabadilisha mlio, lakini mimi nikiwa sokoni kijana wangu hasikii, mpaka shafti iote. Kinatetemeka mpaka nyumba ya jirani. Mtetemo wote huo hauwezi kulisha hata kikengele?

#14 mtoto_wa_maabara

Mzee, wewe ndiye mteja halisi wa vitu hivi, kuliko wenye simu wote. Mota yako ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, huo ni mtetemo wa mara 25 kwa sekunde, na haubadiliki. Unakata ulimi wa chuma chembamba wenye piezo, unaning’iniza kizito kidogo kwenye ncha, unasogeza kizito mpaka ulimi wenyewe upende kucheza mara 25. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma kwa wakati wake anaenda juu, ukikosea unamrudisha. Ukilenga, unapata mamia ya mikrowati, pengine miliwati. Hiyo inatosha kupima joto la beringi na kutuma ujumbe. Na kinu kikizimwa kifaa kinalala, hakina haja ya kuamka maana hakuna cha kupima.

#15 Fundi_Kondele

Nimerudi. Mama wa Ahero, hesabu ni hii.

Kifaa chako kikiwa kimelala kinakunywa mikrowati 10. Kila dakika 15 kinaamka, kinapima joto, kinatuma kwa LoRa, redio inayofika mbali kwa umeme kidogo. Kutuma ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, lakini kwa miliampia 40, kwa hiyo pamoja na kupima kinameza milijuli 15 kila safari. Ukisambaza hizo kwenye dakika 15 unapata mikrowati 17. Jumla, tuseme 30. Hiyo ndiyo bajeti ya nyumba. Simu inataka wati 5, kifaa chako kinataka sehemu ya laki na ushee ya hizo. (Hewa ya maji sikuitia kwenye hesabu. Vihisi vyake ni ghali na vinakunywa kama mlevi. Tuanze na joto.)

Sasa mavuno. Sola ya kikokotoo, sentimita 5 kwa 5, ndani ya nyumba yenye mwanga wa taa tu inatoa mikrowati mia moja na zaidi. Juani inatoa miliwati mia moja na zaidi, mara maelfu ya mahitaji yako. Kwa hiyo sihitaji sola ya kung’aa. Naweza kuiweka chini ya plastiki ya rangi ya maziwa, ukubwa wa sabuni, mwizi aone kipande cha ndoo kuukuu. Hata mwanga ukipungua mara 20 bado kifaa kinashiba.

Tatizo ni usiku na betri inayovimba. Hapo nimetoa betri kabisa. Naweka superkapasita, yaani kapasita yenye ghala kubwa, ya faradi 1. Ikishuka kutoka volti 5 hadi 3 inaachia juli 8. Usiku mmoja wa saa 12 kifaa kinakula juli 1.3. Mtu atafurahi aseme usiku 6. La! Superkapasita yenyewe inavuja. Yangu niliipima, mikroampia 5 hivi, na huo uvujaji ni mikrowati 20 nyingine. Ukijumlisha unabaki na usiku 3 na nusu. Bado inatosha, maana hata siku ya mawingu mazito Ahero kuna mwanga.

Na angalieni huo uvujaji. Mtu akikuuzia nanojenereta ya mikrowati 5, akiba yako inavuja 20. Unachota maji kwa kijiko na ndoo ina tundu la kidole.

#16 Jirani58

Kwa hiyo mwisho wa siku ni sola. Nano imeshindwa. Nilisema #4.

#17 mtoto_wa_maabara

Kaka, hujashinda bado 🙂 Hebu muulize Fundi superkapasita ina nini ndani.

#18 Jirani58

Ina nini?

#19 mtoto_wa_maabara

Mkaa. Mkaa uliotobolewa kwa kemikali mpaka una vitundu vya nanomita 1 au 2. Umeme unakaa juu ya uso wa mkaa, kwa hiyo uso ukiwa mkubwa akiba inakuwa kubwa. Gramu 1 ya mkaa mzuri ina uso wa mita za mraba 1,000 hadi 2,000 ukizikunjua kuta zote za vile vitundu. Gramu 3 ni kama ekari. Fundi amebeba shamba kwenye kitu cha ukubwa wa sarafu, na kwa kuwa hakuna kemikali inayogeuka kuwa nyingine, kinajazwa na kumwagwa mara laki kadhaa bila kuvimba. Betri ya lithiamu inachoka baada ya mamia.

Kwa hiyo nano ya kweli kwenye kifaa hiki haiko upande wa kuvuna, iko ghalani. Haina matangazo kwa sababu ni nyeusi na inaitwa mkaa.

Na mkaa huo unaweza kutengenezwa na lile gugumaji linalofunga Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Unalikausha, unalichoma bila hewa, unalipika na potasiamu haidroksaidi kwenye joto kali, unaliosha mpaka maji yatoke safi. Watafiti wengi duniani wameshalifanya elektrodi, ile sehemu ya kapasita inayobeba umeme. Kazi ngumu ni kuosha. Majivu ya gugu yana chumvi nyingi, na ukibakiza, kapasita inavuja kama ndoo ya Fundi.

#20 Mwl_wa_Lanet

Vizuri sana, kijana. Nami nimpe Jirani haki yake nusu: penye jua, sola haina mpinzani. Hizi nyingine ni za mahali jua halifiki. Ndani ya beringi ya kinu. Ndani ya kifua cha mgonjwa mwenye mashine ya moyo, ambapo kubadilisha betri ni upasuaji. Kwenye mabomba ya mvuke pale Olkaria, ambako bomba ni moto na hewa ya bonde ni baridi usiku na mchana, tofauti ya bure isiyokatika. Kule kibao cha Fundi kingeishi miaka, mradi upande wake wa moto usifike zile nyuzi 138, na asikiweke tena kwenye makaa.

#21 NyarAhero

Nimesoma polepole nimeelewa. Swali la kijinga: wajukuu wangu wanasema shuleni walisikia umeme unatoka kwenye matope. Mimi nina matope ekari nzima.

#22 mtoto_wa_maabara

Mama, si la kijinga hata kidogo. Kuna bakteria anaitwa Geobacter, anaishi kwenye matope yasiyo na hewa. Sisi tunapumua oksijeni. Yeye anasukuma elektroni nje ya mwili kupitia nyuzi za protini zenye upana wa nanomita chache. Ni nyaya za nano, ila hakuna maabara iliyozitengeneza. Ukiweka kaboni moja ndani ya tope na nyingine kwenye maji ya juu, unapata volti kidogo.

Jun Yao na Derek Lovley wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walizitoa nyuzi hizo, wakatengeneza utando wa unene wa mikromita 7, na mwaka 2020 wakaonyesha unatoa nusu volti kutokana na unyevu wa hewa tu. Mwaka 2023 kundi la Yao likasema hata si lazima ziwe nyuzi hizo. Kitu chochote chenye vitundu chini ya nanomita 100 kinaweza. Ndiyo nikafikiria ule unga mweupe wa daiatomaiti unaopatikana Kariandusi karibu na Gilgil, ambao ni magamba ya viumbe wa ziwa la kale, yamejaa vitundu vidogo. Sijaujaribu. Nikipata kilo moja nitaujaribu.

#23 Jirani58

Kilo ya Kariandusi nitakuletea mimi, napita Gilgil kila Ijumaa. Usinifanye nijute.

#24 Fundi_Kondele

Tope nimelijaribu tangu wiki jana kwenye ndoo, mama, tope la bwawa lako mwenyewe uliloniletea na gari la Awasi (makanga amenilalamikia harufu). Nilivunja betri kuukuu za tochi nikatoa zile fito nyeusi za katikati, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni. Fito 4 ndani ya tope, 4 juu ya maji. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya 6, volti 0.31 na mikroampia 18 nikiwa nimeunga mzigo. Mikrowati 5 na nusu. Ukikumbuka ndoo yenye tundu unaelewa kwa nini sijaitia kwenye kifaa chako. Lakini siizimi. Iko chini ya meza, kila asubuhi naisalimia.

#25 BodaNyalenda

Fundi ana ng’ombe wa tope. Ero kamano kwa elimu, lakini wateja wako wanasemaje na hiyo harufu?

#26 Fundi_Kondele

Wanadhani ni samaki wa chakula cha mchana.

#27 Fundi_Kondele

Wiki 3 baadaye. Kifaa kiko bwawani kwa mama tangu Jumanne ya kwanza. Kikasha cha plastiki ya rangi ya maziwa, kimefungwa kwenye mti wa mkaratusi uliosimamishwa majini, hakuna betri ndani. Kinatuma kila dakika 15. Mpaka juzi superkapasita alfajiri haikuwahi kushuka chini ya volti 4.1, hata ile Jumapili iliyonyesha kutwa. Joto la maji saa 11 alfajiri leo, nyuzi 23.8.

Ila tangu juzi adhuhuri volti inashuka badala ya kupanda. Jana 3.9, leo mchana 3.6. Jua lipo. Mama, tafadhali mtume mjukuu akaangalie.

#28 NyarAhero

Nimeenda mwenyewe. Kuna yule ndege mdiria, ndiye anavulia samaki wangu kutoka juu ya kikasha chako. Amekaa hapo siku nyingi inaonekana, kote ni nyeupe tii. Nimeosha kwa maji na majani. Nimeshuka mtumbwini tu, amerudi.

#29 Fundi_Kondele

Funga misumari miwili mitatu juu ya kikasha, ncha juu, na uzi wa nailoni katikati yake. Nitakuja Jumamosi nikiinamishe kielekee kaskazini kidogo ili mvua ikioshe. Volti imepanda, naona 3.8 sasa.